Basari ya Mwanafunzi Mwenye Ulemavu: Mwongozo kwa Aliyeketi Kwenye Kamati, Eldas

Umeteuliwa kukaa kwenye kamati ya kupitia fomu za basari. Huenda wewe ni mzee wa kijiji huko Della, mwalimu wa Basir, mama aliyechaguliwa na wenzake Elnur au Tula Tula. Huenda wewe ndiye mwakilishi wa watu wenye ulemavu, yule ambaye Sheria ya CDF (mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge) ya 2015 inataka awe na kiti chake katika kamati ya kila eneo bunge. Mbele yako pana rundo la fomu. Baadhi zimeandikwa "mlemavu" kwa herufi kubwa pale juu. Moja ina kadi ya ulemavu, nyingine ina barua ya hospitali iliyokunjwa mara nne, na nyingine haina kitu ila muhuri wa chifu. Fedha haziwatoshi wote, nawe unatakiwa useme ipi ni halali na ipi si halali.

Mwongozo huu nimekuandikia wewe. Mzazi naye ana sehemu yake mwishoni, lakini akisoma yote atajua mnachotafuta mkifunga mlango.

Kwa nini kazi hii ni ngumu kuliko inavyoonekana

Kamati inaweza kukosea kwa njia mbili. Ya kwanza ni kumlipia mtoto asiyekuwepo, au aliyepo lakini ulemavu wake umebuniwa ili fomu ipite. Ya pili ni kumnyima mtoto aliyepo kwa sababu hana karatasi.

Kosa la kwanza lina macho mengi juu yake. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukagua fedha za CDF za kila eneo bunge, na ana haki ya kuuliza kila hundi ilikwenda wapi. Kosa la pili halikaguliwi na mtu. Hakuna ripoti itakayomtaja binti asiyesikia aliyebaki nyumbani akichunga mbuzi kwa sababu fomu yake ilirudishwa "ikamilishwe" na haikurudi tena. Ndiyo maana kamati nyingi hujikinga na kosa la kwanza kwa kutenda la pili. Mimi naamini yote mawili yanaweza kuepukwa kwa utaratibu mmoja, na utaratibu wenyewe hauhitaji fedha za ziada. Unahitaji swali sahihi.

Swali tulilozoea kuuliza ni: "Je, mtoto huyu ni mlemavu kweli?" Liulize hivi badala yake: Ulemavu wa mtoto huyu unaweka gharama gani kati yake na masomo? Ukilijibu hilo, swali la kwanza nalo huwa limejibiwa, kwa sababu anayedanganya hushindwa kueleza gharama. Anajua kuandika neno "mlemavu" tu.

Sheria inamhesabu nani

Usiende na picha ya kichwani mwako, kwa kuwa wengi wetu tukisikia ulemavu tunamwona mtu wa kiti cha magurudumu na basi. Katiba ya 2010, Kifungu cha 260, imefungua mlango mpana. Inataja kasoro ya mwili, ya hisi kama kuona na kusikia, ya akili, ya kisaikolojia, hata hali au ugonjwa, mradi athari yake kwa maisha ya kila siku ya mtu iwe kubwa au ya muda mrefu. Tena Katiba imeongeza jambo linalotuhusu sana: inatosha hata kama ni jamii inayoamini kuwa hali hiyo ina athari ya namna hiyo. Mtoto mwenye kifafa ambaye majirani wamekataa aketi na watoto wao analindwa na kifungu hiki.

Kwa hiyo wamo asiyeona na mwenye uoni hafifu, asiyesikia, mwenye usonji, mwenye mtindio wa ubongo, mwenye ulemavu wa akili, mwenye ualbino, mwenye kifafa kisichotulia. Hayumo aliyevunjika mguu Januari na atakayetembea Aprili. Huyo anahitaji msaada, lakini si wa kipengele hiki.

Kifungu cha 54 nacho kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuingia katika taasisi za elimu zilizochangamana na jamii, na haki ya vifaa vya kumwondolea vizuizi. Weka alama hapo kwenye "zilizochangamana na jamii". Tutairudia.

Maswali matatu kwa kila fomu

1. Mtoto yupo, na yupo shuleni? Awe amesajiliwa, au amepewa nafasi, katika taasisi inayotambuliwa na Wizara ya Elimu.
2. Gharama inayoombwa imeletwa na ulemavu, au imekuzwa nao? Kama mtoto mwingine yeyote angeilipa vilevile, hilo ni ombi la basari ya kawaida.
3. Fedha zinaweza kufuatwa hadi zimfikie mtoto? Hundi kwa jina la shule, stakabadhi kutoka shule, mtoto darasani.

Fomu ikijibu yote matatu, ni halali hata kama kadi haijatoka. Ikishindwa la kwanza au la tatu, usilipe hata kama kadi ni halisi na inang'aa.

> SANDUKU: CHUNGU KIPI KINALIPA NINI
>
> Serikali kuu hutuma shuleni mgao wa kila mwanafunzi (shilingi 22,244 kwa mwaka ndicho kiwango kilichozoeleka cha sekondari ya kutwa), na nyongeza kwa mwenye mahitaji maalumu. Mgao huu hauendi nyumbani.
>
> Basari ya CDF hulipwa kwa taasisi. Vitabu vya hesabu vya CDF vina mistari tofauti ya sekondari, vyuo na *shule maalumu*.
>
> Basari ya kaunti ni mfuko mwingine wenye kamati yake. Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti alizitaka kaunti zisitoe basari bila makubaliano rasmi na serikali kuu, jambo lililozua mvutano hadi mahakamani. Mwambie mzazi asiufanye tegemeo pekee.
>
> Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu lina mfuko wake wa maendeleo unaosaidia karo na vifaa saidizi. Lina pia mpango wa mafuta ya kukinga jua kwa wenye ualbino.
>
> Inua Jamii ni shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya inayomtunza mtu mwenye ulemavu mkubwa. Hizi ni za chakula na matunzo. Ukimwambia mzazi "wewe unapata Inua Jamii, karo lipa mwenyewe", umeigeuza shibe ya mtoto kuwa ada.

Na CDF yenyewe usiichukulie kama kisima kisichokauka. Tarehe 8 Agosti 2022 Mahakama ya Juu iliitangaza sheria ya CDF ya 2013 kuwa kinyume cha Katiba, na tarehe 20 Septemba 2024 Mahakama Kuu ikatoa uamuzi kama huo juu ya sheria ya 2015. Mtoto wa shule maalumu anasoma miaka mingi. Kamati inayompitisha leo imwelekeze mzazi kwenye chungu cha pili leo hii, si siku mfuko utakapofungwa.

Mifano ya fomu utakazokutana nazo

*Binti asiyesikia, bweni nje ya kaunti.* Karo ya shule imeandikwa na unaiona. Usichokiona ni nauli. Mtoto anayesikia wa sekondari hupanda gari peke yake: kwenda na kurudi, mihula mitatu, nauli sita kwa mwaka. Binti mdogo asiyesikia hawezi kuachwa peke yake kituoni Wajir, wala Garissa usiku akibadilisha basi. Lazima apelekwe. Mlezi anakwenda naye na kurudi peke yake, kisha muhula ukiisha anakwenda tena peke yake na kurudi naye. Hesabu: nauli sita kwa muhula mmoja, kumi na nane kwa mwaka. Zile kumi na mbili za ziada ndizo gharama ya ulemavu, na mara nyingi ndizo zinazomfanya asirudi shule muhula wa pili hata karo ikiwa imelipwa.

Je, nauli ni halali? Kwa maana yake, ndiyo kabisa. Ugumu ni njia ya kulipa, kwa kuwa basari huandikiwa shule. Fanya mambo mawili. Kwanza, pangeni majina ya watoto wote wa Eldas wanaosoma shule moja au mji mmoja. Watoto wanne wakisafiri na mlezi mmoja, gharama ya msindikizaji inagawanyika mara nne. Pili, mwandikieni mwalimu mkuu mkimwuliza kama shule inaweza kuweka usafiri kwenye orodha yake rasmi ya ada. Ikikubali, hundi inakwenda shuleni na stakabadhi inarudi ikionyesha usafiri. Msikubali njia ya mkato ya kumpa mtu fedha taslimu "awasafirishie watoto". Hata kama ni mwaminifu, hataweza kuthibitisha.

*Kijana wa kiti cha magurudumu, shule ya kutwa hapa hapa.* Fomu hii hutupwa kwa sababu moja mbaya: "Mstari ni wa shule maalumu, na huyu hayuko shule maalumu." Rudi kwenye Kifungu cha 54. Mtoto amefanya kile ambacho Katiba inataka, amesoma na wenzake. Ikiwa mstari wa shule maalumu haumruhusu, mpitisheni kwenye mstari wa sekondari mkimpa kipaumbele, na mwandike sababu kwenye kumbukumbu za kikao. Kumnyima ni kumwambia mzazi kwamba ili asaidiwe, lazima kwanza ampeleke mtoto mbali.

Angalia pia anachoomba. Kiti chenye magurudumu membamba ya sakafu ya hospitali hakiendi kwenye mchanga wa Eldas. Mzazi aombe kwa Baraza na aeleze ardhi ilivyo. Mteremko wa kuingilia darasani na choo chenye mlango mpana ni mambo ya lazima, lakini ni *mradi wa shule*. Usiuhesabu kama basari ya mwanafunzi, wala usikubali shule ichukue basari ya kijana ikamwagie saruji. Peleka ombi hilo kwenye fungu la miradi.

*Mwenye ulemavu wa akili, miaka kumi na mitano.* Kwenye nafasi ya "gredi" hapana kitu, kwenye "alama" hapana kitu. Usikatae. Wanafunzi ambao hawafuati mtaala wa kawaida huhesabiwa kwa hatua: msingi, kati, kabla ya ufundi, kisha ufundi. Kijana wa miaka kumi na mitano kuwa hatua ya msingi si ajabu, hasa katika eneo ambalo wengi huanza shule wakiwa wamechelewa kwa sababu ya ukame na kuhama. Kumdai ripoti ya alama ni kumpima kwa mizani isiyomhusu.

*Mwenye ualbino.* "Anatembea, anasikia, ana nini?" Nimelisikia neno hilo mara nyingi mno. Ana macho yasiyosoma ubao akiwa safu ya tatu, na ana ngozi ambayo jua letu linaiunguza kila siku. Gharama zake ni miwani, maandishi makubwa, kofia, mafuta ya ngozi. Mafuta yaombwe kwa Baraza. Karo yake iangaliwe kama ya wenzake wenye ulemavu.

*Mzazi ndiye mwenye ulemavu, mtoto hana.* Baba haoni, mtoto ana afya njema na yuko kidato cha tatu. Uhitaji ni wa kweli, lakini mahali pake ni rundo la wahitaji, na huko apewe uzito. Msimwandike mtoto "mlemavu" ili kumsaidia. Mkifanya hivyo mmeharibu orodha, na mwaka ujao kila mtu atajua kwamba neno hilo linanunua kitu.

*Nyumba moja, fomu nne.* Mtoto mmoja ana mtindio wa ubongo, na fomu za ndugu zake watatu zimeambatanishwa nakala ya kadi yake. Kadi ni ya mtu mmoja. Fomu moja ibaki hapa, tatu zihamie kwenye rundo la kawaida. Mwiteni mzazi mmweleze kwa heshima, maana pengine aliambiwa na karani afanye hivyo.

*Ambaye hajawahi kwenda shule.* Yuko duksi (chuo cha Qurani) tu, au hata duksi hayuko. Basari haiwezi kulipwa kwa sababu hakuna shule ya kuandikiwa hundi. Lakini fomu hii ndiyo ya haraka kuliko zote. Iandike kwenye orodha ya pembeni na uipeleke kwa afisa wa elimu wa kaunti ndogo, mtoto afanyiwe tathmini kwenye kituo cha EARC. Vituo hivi vimekuwapo nchini tangu 1984, na kazi yake ni kupima mtoto anahitaji nini na shule ipi inamfaa. Mwaka ukigeuka bila mtoto huyo kupimwa, kamati ilimwona na ikamwacha.

Pale kadi inapokosekana

Kadi ya Baraza ni ushahidi mzuri. Si ushahidi pekee. Ili mtoto aipate, mara nyingi lazima cheti cha kuzaliwa kipatikane, mzazi awe na kitambulisho, na mtoto afikishwe hospitali ya serikali iliyoidhinishwa kupima ulemavu. Kwa mtu wa Eldas hiyo ni safari ya Wajir mjini, na pengine zaidi ya moja. Watu wa Kaskazini Mashariki tumekaa miaka mingi tukisailiwa mara mbili kupata kitambulisho, hadi Februari 2025 Rais alipotangaza akiwa Wajir kwamba usaili huo wa ziada umeondolewa. Mzazi aliyecheleweshwa na mambo hayo asiadhibiwe kupitia mtoto.

Kwa hiyo pokeeni pia mojawapo ya hizi: ripoti ya tathmini ya EARC; barua ya daktari wa hospitali ya serikali inayotaja hali na kwamba ni ya muda mrefu; au barua ya mwalimu mkuu wa shule maalumu aliyempokea mtoto. Mpitisheni kwa muhula mmoja, na muandike tarehe ambayo kadi au risiti ya maombi ya kadi iletwe. Barua ya chifu peke yake haitoshi. Chifu anathibitisha makazi na uhitaji, na si kazi yake kupima masikio ya mtoto.

Siku ya kikao, hatua kwa hatua

1. Tangazeni undugu kwanza. Eldas kila mtu anajua ukoo wa kila mtu, kwa hiyo kujifanya hatujui hakumsaidii yeyote. Kabla ya fomu kusomwa, kila mjumbe aseme "huyu ni wa nyumba yangu", atoke nje, na iandikwe kwamba alitoka. Kikao hakimtuhumu kwa kutoka. Kinailinda fomu ya mtoto isije ikadaiwa kuwa ya upendeleo.
2. Tenganisheni marundo matatu: yenye ushahidi kamili, yenye ushahidi wa muda, na ya mtoto ambaye hajafika shule.
3. Pigieni shule simu. Namba ichukueni kwenye ofisi ya elimu, msitumie iliyoandikwa kwenye fomu. Ulizeni mambo mawili tu: namba ya usajili ya mwanafunzi, na kama alionekana shuleni muhula uliopita.
4. Someni orodha rasmi ya ada, yenye muhuri, na mlinganishe na kinachoombwa.
5. Gaweni kwa gharama, msigawe kwa idadi. Hili nalisisitiza. Kamati iliyochoka husema, "Walemavu wote tuwape elfu tatu tatu, tusiwe na ubaguzi." Inaonekana haki. Lakini aliyebakiza elfu mbili anapata ziada, na anayedaiwa elfu thelathini anapata karatasi ya kumkumbusha kwamba hatarudi shule. Heri watano waingie darasani kuliko ishirini wapewe hundi isiyofungua lango. Watakaokosa muhula huu waandikwe wa kwanza muhula ujao.
6. Andikeni sababu mbele ya kila jina, la aliyepata na la aliyekosa. Mstari mmoja unatosha.
7. Hundi iandikwe kwa jina la shule, pamoja na orodha ya wanafunzi na namba zao.
8. Fuatilieni stakabadhi. Wakaguzi hawaridhiki na hundi iliyotoka. Wanataka shule ikiri kwa maandishi kwamba imeipokea na imeiweka kwa mtoto fulani. Gaweni kazi: kila mjumbe shule zake, na tarehe ya mwisho kabla muhula haujafika katikati.

Kama mtoto amehama au ameacha, fedha zihamie shule mpya kwa barua, au zirudi kwenye mfuko. Kamwe jina lisibadilishwe kwa simu.

> SANDUKU: SIMAMA HAPA, USIPITISHE BADO
>
> ☐ Fomu kadhaa zina mwandiko mmoja au namba moja ya simu.
> ☐ Shule au "kituo cha mahitaji maalumu" hakijulikani kwa afisa wa elimu, au kimezaliwa msimu huu wa basari.
> ☐ Akaunti ya benki ni ya mtu binafsi.
> ☐ Shule inamjua mtoto kwa jina tu, haina namba ya usajili.
> ☐ Mtu wa kati amelipwa "kuharakisha" kadi au fomu.
> ☐ Aina ya ulemavu kwenye fomu hailingani na ile ya barua ya hospitali.
>
> Alama moja haimaanishi wizi. Inamaanisha muulize zaidi kabla ya kulipa. Ukipata ushahidi wa wizi, peleka kwa EACC, tume ya kupambana na ufisadi, ambayo ina ofisi Garissa.

Heshima ya mtoto ni sehemu ya uhalali

Usimwite mtoto aje asimame mbele ya kamati aonyeshe mguu. Usimwombe asiyesikia apigiwe makofi nyuma ya kichwa ili muone kama atageuka. Nimetaja hayo kwa sababu hufanyika, na aliyefanyiwa hayasahau. Kupima ni kazi ya daktari na ya EARC. Yenu ni kusoma ripoti.

Orodha ya waliopata ibandikwe ukutani, ndiyo, kwa kuwa fedha ni za umma. Iandikwe jina au namba ya usajili, shule na kiasi. Aina ya ulemavu isiandikwe. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu hali ya afya ya mtu kuwa taarifa nyeti, na ukuta wa ofisi ya chifu si mahali pake. Vivyo hivyo picha za mtoto akishikishwa hundi ya kadibodi: hazihitajiki kwa hesabu wala kwa ukaguzi.

Sasa wewe mzazi au mlezi

Tafuta mfuko mmoja wa plastiki usiopitisha maji na uweke ndani yake, nakala mbili mbili:

☐ cheti cha kuzaliwa cha mtoto
☐ kitambulisho chako
☐ kadi ya Baraza, au ripoti ya EARC, au barua ya hospitali
☐ barua ya kupokelewa shuleni yenye namba ya usajili
☐ orodha ya ada ya mwaka huu yenye muhuri
☐ stakabadhi zote za nyuma
☐ karatasi yako mwenyewe yenye hesabu ya nauli, msindikizaji, betri za kifaa cha kusikia, nepi, dawa

Hiyo ya mwisho wengi hawaileti, nayo ndiyo inayoijibu kamati swali la pili. Iandike kwa mkono, kwa shilingi, bila kuongeza.

Kama kadi huna, anza leo. Fika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Wajir uulize siku ambayo jopo la kupima ulemavu hukaa, ili usifunge safari bure. Daktari akishajaza ripoti, maombi huingizwa kupitia eCitizen, na maafisa wa Baraza katika kaunti husaidia asiye na simu ya intaneti. Kujisajili na Baraza hakulipishwi. Anayekudai fedha ili "aifuatilie" kadi, mwulize jina lake kamili na cheo chake.

Mwanao akihitimu Gredi ya 9, usiishie kwenye basari. Ufadhili uitwao Elimu Scholarship na ule wa KCB Foundation huwazingatia wanafunzi wenye ulemavu, na fomu zake hufungwa mapema. Akifika chuo kikuu, atakapojaza maombi ya mkopo wa HELB na ufadhili wa serikali aueleze ulemavu wake wazi, maana ni mojawapo ya mambo yanayozingatiwa kupima uhitaji wake.

Na ukikosa basari:

1. Uliza sababu siku hiyo hiyo, kwa adabu. Sababu ya "karatasi imepungua" inatibika ndani ya wiki.
2. Ukijibiwa kwa mafumbo, andika barua fupi kwa ofisi ya CDF au ya kaunti ukiomba sababu na orodha ya waliopata. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu. Huhitaji wakili, wala huhitaji kueleza unaitakia nini.
3. Siku hizo zikipita kimya, peleka nakala kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ambayo ndiyo inayosimamia sheria hiyo. Asiyejua kuandika anaweza kueleza kwa mdomo, na ofisi inapaswa kumwandikia.

Barua ya namba 2 itengenezee nakala mbili. Unapoikabidhi, mwombe karani apige muhuri na aandike tarehe kwenye nakala yako, kisha uirudishe kwenye ule mfuko wa plastiki. Siku 21 zinahesabiwa kuanzia muhuri huo.